Uliza Mama Kulwa: Daktari wa kwenye voisi

Mama Kulwa ni muuguzi mstaafu, mkazi wa Kirumba, Mwanza. Hujibu maswali ya wasomaji kuhusu afya.

Mwezi huu nilikuwa nimejiandaa kuzungumzia presha. Barua zimenikatalia. Karibu zote zinauliza habari za "utafiti" uliomfikia mtu kwa njia ya simu, na yeye hajui aupeleke wapi. Presha itasubiri.

Shikamoo Mama Kulwa. Binti yangu yuko darasa la tano hapa Igoma. Shule imetutaarifu kwamba wahudumu watakuja kuwachanja wasichana chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi. Jioni hiyohiyo kwenye grupu la wazazi ikarushwa voisi ya daktari anayesema chanjo hiyo ni ya majaribio, inaharibu kizazi, na kwamba ilianza na dozi mbili, wakaona madhara, wakapunguza ikawa moja. Mzazi mwingine akajibu kwa picha ya ukurasa wa Kiingereza wenye grafu, akaandika "someni utafiti". Hakuna aliyesoma. Baba yake anasema tusubiri kwanza. Hivi hii mitandao inatusaidia kuzijua tafiti au inatuvuruga tu? – Mama mzazi, Igoma

Marahaba mwanangu. Voisi uliyonitumia nimeisikiliza mpaka mwisho, kisha nikairudia nikiwa na kalamu na karatasi. Anaanza kwa kukohoa, anasema "ndugu zangu wazazi", nyuma yake jogoo anawika na bodaboda inapita. Sauti yake ni nzuri, ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Ila jina lake hataji. Hataji hospitali, hataji wilaya, hata mkoa hataji. Anasema "utafiti umethibitisha", lakini hasemi ulifanyika wapi, mwaka gani, kwa wasichana wangapi. Nimefanya kazi wodini miaka mingi. Daktari akipita kuona mgonjwa anaandika jina na kuweka saini kwenye faili, hata kama alichoagiza ni Panadol tu. Huyu anataka uamue juu ya kizazi cha mwanao, na jina hatoi.

Tazama pia juu ya ile voisi, utaona mishale miwili midogo. Maana yake imesharushwa kutoka mkono hadi mkono mara tano au zaidi. Tangu 2020 WhatsApp yenyewe imeweka kizuizi, ujumbe wa namna hiyo haurushwi kwa makundi mengi kwa mpigo, bali moja moja. Kwa hiyo mzazi aliyeuleta kwenu hamjui aliyeongea. Wala aliyemletea yeye hamjui.

Sasa ile picha. Nimeikuza kwenye simu ya mjukuu wangu mpaka herufi zikasomeka, nikajikuta nacheka peke yangu sebuleni. Utafiti ule haukufanyika Ulaya wala Marekani. Umefanyika hapahapa Mwanza! Ulianza 2017, ukaendeshwa na kitengo cha majaribio ya tiba cha hapa Mwanza, ambacho ni ubia wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, yaani NIMR, na chuo cha afya ya jamii na magonjwa ya tropiki cha London. Walishiriki wasichana 930 wenye umri wa miaka 9 hadi 14. Waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine dozi moja, wengine mbili, wengine tatu, tena kwa aina mbili za chanjo. Wakafuatiliwa, damu ikapimwa. Baada ya miaka miwili karibu wote waliopata dozi moja tu walikuwa bado na kinga mwilini dhidi ya aina mbili za virusi vya HPV, zile zinazosababisha sehemu kubwa ya saratani hiyo. Matokeo yalichapishwa 2022.

Mwaka huohuo majirani zetu Kenya nao walitoa ya kwao. Wasichana na wanawake vijana 2,275, wa miaka 15 hadi 20, huko Kisumu, Thika na Nairobi. Dozi moja ilizuia maambukizi ya virusi hivyo viwili kwa zaidi ya asilimia 97 katika mwaka mmoja na nusu wa kwanza. Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani likasema nchi inaweza kutumia dozi moja. Tanzania ilianza kuchanja nchi nzima 2018, wasichana wa miaka 14, dozi mbili. Mwaka 2024 tukahamia dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Umeona yule bwana alivyofanya? Amechukua jambo la kweli, kwamba dozi zimepungua, akalibandika sababu ya uongo. Dozi imepungua kwa sababu moja imeonekana kutosha, na sehemu ya ushahidi huo imetoka kwenye mikono ya mabinti wa mji huu.

Chanjo yenyewe si ya majaribio. Imeidhinishwa kutumika duniani tangu 2006. Kilichokuwa kinajaribiwa Mwanza ni idadi ya dozi. Na haina kirusi hai ndani yake. Ina umbo la ganda la nje la kirusi tu, mwili ujifunze kulitambua, kwa hiyo haiwezi kumwambukiza mtoto. Kuharibu uzazi haijaonekana, na wasichana waliokwishachanjwa duniani ni mamilioni kwa mamilioni. Nitakwambia madhara ninayoyajua mimi: mkono kuuma, homa ndogo, na wengine kuzimia kwa woga wa sindano. Ndiyo maana wanakalishwa robo saa kabla ya kuachiwa kurudi darasani. Hakikisha wako amekunywa chai asubuhi.

Kuhusu swali lako lenyewe. Angalia kilichotokea kwenye grupu lenu: uongo na ukweli vilifika jioni ileile, kwa bando lilelile. Uongo ulikuja kwa Kiswahili, kwa sauti, ukianza na "ndugu zangu". Ukweli ulikuja kwa Kiingereza, kama picha, na amri ya kusoma. Ulitegemea nini? Kuna watafiti wa Marekani walifuatilia habari kama 126,000 zilizosambaa Twitter kati ya 2006 na 2017, wakachapisha mwaka 2018. Habari ya kweli ilichukua muda kama mara sita ya ule wa habari ya uongo kuwafikia watu 1,500. Na waliokuwa wakiukimbiza uongo si mashine, ni watu wa kawaida kama mimi na wewe, kwa sababu uongo ulikuwa mpya na wa kushtua.

Kwa hiyo usiondoke kwenye grupu. Nimekurekodia voisi ya Kiswahili, fupi, nimetaja jina langu kamili na kituo nilichostaafia. Irushe. Atakayetaka kubishana anipigie mimi, nambari ninayo miaka yote ni ileile. Baba yake mwambie aende kituo cha afya cha karibu kabla ya siku ya chanjo, aombe kuonana na muuguzi wa chanjo, amwulize hayo yote macho kwa macho. Kusubiri si jambo dogo kama anavyodhani. Chanjo hii hufanya kazi vizuri msichana akiipata kabla hajakutana na kirusi, ndiyo maana inatolewa katika umri huo. Saratani inayokingwa ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa nchi hii, na wodini nimeisafisha vidonda vyake kwa mikono yangu.

Shikamoo mama. Niko Mwaloni, napakia dagaa. Facebook niliona bango limeandikwa "UTAFITI: TOHARA INAKINGA UKIMWI KWA ASILIMIA 60". Mimi nimetahiriwa mwaka jana. Washkaji wanaotoka visiwani wanasema kwa hiyo kondomu ni kujisumbua. Lile bango ni kweli au ni la wajanja? – Mpakiaji, Mwaloni Kirumba

Marahaba baba. Ni kweli, ila limekatwa katikati.

Wewe mtu wa Mwaloni ukiambiwa bei ya dagaa imeshuka nusu, swali lako la kwanza ni imeshuka kutoka ngapi. Uliza hivyohivyo kwa lile bango. Moja ya tafiti tatu kubwa za tohara ilifanyika Kisumu, ziwa hilihili, kwa vijana wa kiume 2,784 wa miaka 18 hadi 24. Nusu walitahiriwa mwanzoni, nusu wakaambiwa wasubiri. Baada ya miaka miwili, kati ya kila vijana 100 ambao hawajatahiriwa, kama wanne walikuwa wameambukizwa. Kati ya 100 waliotahiriwa, wawili. Nyingine ya Rakai, Uganda, na ya Afrika Kusini zikaonyesha mwelekeo huohuo, na ndipo Shirika la Afya Duniani likapendekeza tohara mwaka 2007. Hiyo nusu hadi asilimia 60 imetoka huko, na ni punguzo kubwa, usilidharau.

Lakini wale wawili kati ya mia walikuwa wametahiriwa kama wewe. Bango halikuwataja. Halikutaja pia kwamba washiriki wote, waliotahiriwa na wasiotahiriwa, walipewa ushauri nasaha na kondomu. Hakuna aliyepima tohara peke yake dhidi ya tohara na kondomu, halafu akasema kondomu ni kujisumbua. Hilo wamelitunga washkaji zako makambini. Tena kilichopimwa ni mwanaume kuambukizwa na mwanamke, basi. Kama wewe ndiye unao, tohara yako haimkingi mwenzio.

Endelea na kondomu, na upime.

Mama Kulwa, kwa heshima zote. Mimi ni mwalimu wa hesabu, Nyegezi. Nimeshaacha kusoma habari za tafiti za afya mtandaoni. Leo kahawa ni sumu, kesho kahawa ni dawa. Wanafunzi wangu wawili wakinipa majibu mawili tofauti ya swali moja, angalau mmoja wao amekosa. Kwa nini watafiti wao wanasamehewa? – Mwalimu, Nyegezi

Mwalimu, darasani kwako swali ni lilelile kwa wote. Kwa watafiti mara nyingi maswali ni mawili, ila vichwa vya habari ndivyo vinavyofanana. Nikupe mfano wa nyumbani, maana nilikuwepo.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa muuguzi kijana kwenye zahanati moja ya kijijini mkoani Mwanza. Tukafundishwa kutibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili: anayetoka usaha apewe hivi, mwenye kidonda apewe vile, na mwenzi wake aitwe. Ninachokikumbuka kuliko mafunzo ni dawa. Zilikuja, na ziliendelea kuja. Kwa muuguzi wa zahanati hilo lilikuwa jambo la ajabu. Kumbe tulikuwa ndani ya utafiti wa jamii 12: sita ziliboreshewa huduma hizo mapema, sita zikasubiri. Baada ya miaka miwili wakahesabu maambukizi mapya ya VVU. Kwenye jamii zilizosubiri yalikuwa 19 kwa kila watu 1,000, kwenye zile zilizoboreshewa 12 kwa kila watu 1,000. Yaani yamepungua kwa kama asilimia 40. Jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha mwaka 1995, na dunia nzima ya UKIMWI ikaijua Mwanza. Mimi niliambiwa na msimamizi aliyekuja kwa pikipiki kukagua stoo ya dawa. Alitueleza tukiwa tumekaa kwenye benchi la nje, na mama aliyeleta mtoto kupimwa uzito akasikia naye.

Mwaka 1999 yakatoka matokeo ya Rakai, ng'ambo ya mpaka, upande wa magharibi wa ziwa. Nao walitibu magonjwa ya zinaa. VVU havikupungua. Hapo Facebook ilikuwa haijazaliwa, namshukuru Mungu, maana naona kabisa lile bango: WAGANDA WAWAUMBUA WATANZANIA.

Hakuna aliyeumbuliwa. Rakai waligawa dawa nyumba kwa nyumba kwa kila mtu mzima, mwenye dalili na asiye nazo, kila baada ya miezi kumi. Sisi tulimtibu yeyote aliyekuja na dalili, siku yoyote ya mwaka. Rakai watu wazima kama 16 kati ya 100 walikuwa tayari na VVU. Kwetu walikuwa kama wanne. Ugonjwa ukishaenea kiasi kile, watu wengi huambukizana ndani ya mahusiano yao ya kawaida, hata pasipo kisonono wala kaswende ya kukisaidia kirusi kupita. Na vidonda vingi vya sehemu za siri huko Rakai vilikuwa vya hepesi, ugonjwa wa virusi ambao dawa zile haziugusi. Wataalamu walikaa miaka wakizichambua tafiti hizo mbili pamoja mpaka wakafika hapo. Hayo ndiyo yasiyoingia kwenye bango, Mwalimu, kwa sababu nimetumia aya nzima na bado nimeruka mengi.

Kwa hiyo ukikuta tafiti mbili zinapigana kwenye simu yako, kabla ya kumkata mmoja alama, tafuta walichotofautiana: watu gani, dawa gani, kwa muda gani. Mara nyingine ni kweli mmoja amekosea. Mwaka 1998 kuna daktari Uingereza alichapisha makala kuhusu watoto 12 akiihusisha chanjo ya surua na usonji, na ilichukua mpaka 2010 jarida kuifuta. Makala ilishafutwa, ila kwenye mitandao inaendelea kuishi.

Kahawa sina la kusema. Mimi ni mtu wa chai.

Shikamoo Mama Kulwa. Nasoma udaktari mwaka wa nne hapa Mwanza. Mkufunzi wetu anatuhimiza kila tukisoma au kuandika utafiti tuuweke kwenye X na Instagram, eti ndiyo njia ya utafiti kusomwa. Nimeanza, lakini wanaonipa moyo ni wanafunzi wenzangu tu. Kweli inasaidia? – Daktari mtarajiwa

Marahaba, na hongera kwa kufika mwaka wa nne. Nimepitia ulivyoviweka. Kimoja kina alama tatu za roketi na neno la Kiswahili moja tu, nalo ni "jamani".

Swali lako limeshapimwa, na majibu hayamfurahishi mkufunzi wako moja kwa moja. Jarida la moyo la Marekani, Circulation, lilichukua makala zake 243, likazigawa kwa bahati nasibu: nusu zikatangazwa Facebook na Twitter, nusu zikaachwa. Baada ya siku 30 zote zilikuwa zimefunguliwa karibu sawasawa. Madaktari wa upasuaji wa kifua nao walifanya jaribio la namna hiyo kwa makala 112, nusu wakazitangaza kupitia mtandao wao wenyewe, na mwaka mmoja baadaye zile zilizotangazwa zilikuwa zimenukuliwa zaidi. Halafu 2024 yakatoka matokeo ya jaribio kubwa zaidi la wanasayansi, makala 550: zilizotangazwa zilipakuliwa zaidi, lakini miaka mitatu baadaye kwenye kunukuliwa hakukuwa na tofauti ya kuaminika. Basi ukitafuta kunukuliwa, usiweke matumaini yote kwenye roketi.

Lakini soma tena walichopima. Kurasa kufunguliwa, makala kupakuliwa, kunukuliwa na watafiti wengine. Hakuna hata moja kati ya hizo tatu iliyouliza kama mgonjwa alielewa kitu. Mama wa Igoma hapo juu hayumo kwenye hesabu zao kabisa.

Kuna wengine walizichukua makala 50 za afya zilizosambazwa zaidi kwenye Facebook na Twitter mwaka 2015, wakalinganisha utafiti wenyewe na habari zilizoandikwa kuuhusu. Zaidi ya nusu ya habari zilikuwa zimekosea jambo fulani: swali la utafiti, matokeo, au watu waliochunguzwa. Usikimbilie kuwalaumu waandishi wa habari. Karibu theluthi ya makala zenyewe za wataalamu zilitumia lugha ya uhakika kuliko ushahidi uliokuwemo. Uvumi wakati mwingine huanzia juu.

Na hata ukimfikia mtu na akaelewa, kazi haijaisha. Mkoani hapa kulikuwa na mpango wa MEMA kwa Vijana, ulioanza mwishoni mwa miaka ya tisini: elimu ya afya ya uzazi shuleni na huduma rafiki kwa vijana, kwenye nusu ya jamii 20 zilizochaguliwa. Matokeo ya 2007 yalionyesha vijana wamejua zaidi, na wengine wamebadili waliyosema kuhusu mwenendo wao. Maambukizi ya VVU hayakupungua. Walifundishwa uso kwa uso, na walimu wao, miaka mitatu. Wewe una video ya nusu dakika.

Sikukatishi tamaa. Naona mitandao inaisaidia tafiti pale tu ambapo aliyeileta habari anabaki hapo kujibu. Ukiweka kitu, weka kwa Kiswahili na kwa sauti yako. Sema utafiti uliwahusu nani, wangapi, wapi, walilinganishwa na nani, na jambo gani halikupimwa. Weka jina lako na useme wewe ni mwanafunzi. Halafu usizime simu. Yule wa kwanza atakayeandika "waongo nyie" mjibu kwa adabu, maana kuna watu wengi kimya wanaosoma jibu lako. Hakikisha makala yenyewe inafunguka bure, si mtu abonyeze akutane na bei ya dola. Picha za wagonjwa usiguse, hata ukifunika macho.

Na toka chuoni, uende kwa watu. Hapo Kisesa, wilayani Magu, watu wamekuwa wakihojiwa na kupimwa damu kwa ajili ya tafiti tangu 1994. Kuna watu wazima sasa waliozaliwa ndani ya utafiti. Nenda siku ya gulio, kaa na kina mama wanaouza nyanya, waeleze utafiti mmoja tu uliousoma wiki hiyo. Maswali watakayokuuliza ndiyo uyaweke kwenye X.

Habari za siku nyingi Mama Kulwa. Mimi mzee wa Ukerewe, simu yangu ni kitochi, gazeti hili nasomewa. Mjukuu katoka shuleni anasema kesho kutwa wanapewa dawa ya kichocho, lakini hataki, kaka yake kaona Facebook kwamba inaua watoto. Sisi tusio na Facebook tushike la nani? – Mzee, Ukerewe

Shikamoo mzee wangu. Uvumi huo hauhitaji Facebook. Mwaka 2008 huko Morogoro, simu za watu zikiwa kitochi kama yako, ugawaji wa dawa hiyohiyo shuleni ulizua vurugu. Watoto walijisikia vibaya, ikasemwa wamekufa, wazazi wakavamia shule. Hawakuwa wamekufa. Dawa hii, praziquantel, ikimezwa tumbo tupu husokota tumbo, huleta kichefuchefu, kutapika na kizunguzungu, hasa kwa mtoto mwenye minyoo mingi. Ukiona watoto thelathini wanatapika kwa pamoja na hukuambiwa mapema, utaamini lolote.

Dawa ni ya miaka mingi na ndiyo inayotumika dunia nzima kwa kichocho. Kaka mtu mwambie akuletee jina la aliyeandika hayo na mahali anapofanya kazi. Asipolipata, yaishe.

Mjukuu ale ashibe kabla ya kutoka nyumbani, ugali wa jana na dagaa hauna ubaya. Shuleni watampima urefu kwa ubao wenye alama, ndio unaoonyesha ameze vidonge vingapi, kwa hiyo asishangae mwenzake mrefu akipewa vingi kuliko yeye. Ni vikubwa na vichungu, amezee maji mengi, asitafune. Akitapika muda mfupi baada ya kumeza, amwambie mwalimu palepale, mhudumu ataamua kama arudie. Dawa inaua minyoo iliyomo sasa, haizuii mipya, na konokono wanaobeba vimelea vyake wapo pale mwaloni kwenu, kwa hiyo akiendelea kuogelea pale mwakani atahitaji tena. Mkeo naye, kama anafua ziwani, muulizie zahanati.